Mgonjwa Aliyevushwa Geti la Ubalozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kikuu cha Polisi, chumba namba 6
Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, kwa kuwa shahidi hajatimiza miaka 18
Umri: miaka 17
Jinsia: mwanamke
Kazi: mwanafunzi wa sekondari, mwaka wa mwisho
Makazi: nyumba za ghorofa nyuma ya kiwanda cha matofali, pamoja na mama yake na mjomba wake
Yameandikwa Jumatatu, tarehe 15, kuanzia saa 9:50 alasiri, mama wa shahidi akiwapo.

Mimi ni raia wa nchi ya wazazi wangu, ingawa nimeishi katika jiji hili tangu nikiwa na miaka mitatu. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa majokofu na ana miaka hamsini na minne. Huniita Karani, kwa sababu fomu zake zote namjazia mimi. Anasema mikono yake imezoea bisibisi, kalamu inamponyoka.

Mwezi uliopita tulipata habari kwamba bibi, mama yao, hawezi tena kuinuka kitandani na kila siku anamuulizia mjomba. Pasipoti ya mjomba ilikuwa imeisha muda. Alihitaji hati ya safari ya dharura kutoka ubalozi wetu. Neno "dharura" limepigwa chapa kwa herufi kubwa juu ya fomu yenyewe. Kabla ya siku ya tukio alikuwa amekwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa masikio hayaonekani vizuri kwenye picha. Mara ya pili masikio yalionekana, lakini fomu ilikuwa imejazwa kwa wino wa bluu. Kosa hilo ni langu. Mara ya tatu mwenye muhuri alikuwa likizo.

Mnamo Jumanne, tarehe 9, tulifika getini saa 2:10 asubuhi. Mlinzi alichukua simu zetu akazifungia kwenye kabati, kama anavyofanya kwa kila raia. Alituandika kwenye daftari la wageni. Mjomba alivaa shingoni beji namba 14, mimi 15.

Chumba cha mapokezi hakikuwa na viti. Dada wa mapokezi alisema vimepelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa, ya kutimiza miaka sitini ya ubalozi. Tulikuwa watu kama ishirini, tukasimama. Mzee mmoja aliuliza kama anaweza kukaa chini, akaambiwa zulia ni jipya.

Kwenye kaunta kulikuwa na rundo la vijitabu vya sherehe hiyo. Nilichukua kimoja nikakisoma mara tatu, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusoma na mimi huona haya kutazamana na watu. Nakieleza hapa kwa kuwa afande ameniuliza nilijuaje kazi za ubalozi. Kinasema ubalozi ulianzia kwenye vyumba viwili vya kupanga, juu ya duka la fundi cherehani. Balozi wa kwanza alikuwa na taipureta moja na karani mmoja, na mlangoni hapakuwa na mlinzi. Wafanyakazi wa nchi yetu walipofukuzwa kiwandani walilala ofisini kwake siku kumi na moja, naye akawaandikia barua mmoja mmoja mpaka wakarudishwa kazini. Habari hiyo imepewa nusu ukurasa. Kurasa kumi na tisa zinazofuata ni picha za mabalozi wakipeana mikono na watu. Ukurasa wa mwisho unataja kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi, kukuza biashara na urafiki, na kuwalinda raia walioko ugenini. Hiyo ya raia ndiyo ya mwisho, na siku ile walikuwa hawajaifikia.

Saa 4:50 mjomba alisema, "Karani, mkono huu wa kulia umekufa ganzi."

Nilimwambia aegemee ukuta.

"Ukuta una rangi mbichi," alisema. "Watasema nimewaharibia."

Saa 4:52 alianguka, hatua nne kutoka kaunta. Kulikuwa na saa mbili ukutani, moja ya hapa na moja ya nyumbani. Nilisoma ya hapa, kwa sababu ya nyumbani ilikuwa imesimama. Mdomo wa mjomba ulikuwa umepinda na alikuwa ananitazama bila kusema. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga magoti akamshika kichwa, akasema, "Hiki ni kiharusi. Pigeni simu upesi." Simu zetu zilikuwa getini. Dada wa mapokezi alisema simu ya kaunta inapiga ndani tu, na funguo za kabati hazitolewi mpaka mtu awe anaondoka.

Saa 4:56 alitoka ofisa anayeshughulikia mambo ya raia. Cheo chake ni katibu, lakini kwenye foleni watu humwita Wiki Ijayo. Nilianza kwa kumwamkia shikamoo, kwa mazoea. Aliitikia marahaba, kisha akalitazama zulia.

Nilimwomba atuitie gari la wagonjwa.

"Watu wa gari la wagonjwa hawaingii hapa, binti," alisema. "Hapa ni nchi yetu. Mtu wa nje haingii mpaka Mheshimiwa Balozi aruhusu kwa maandishi."

"Na huyo Balozi yuko wapi?" aliuliza yule mama mwenye mtoto.

"Ghorofani. Anapigwa picha."

"Basi mkamwambie."

"Mama, ni picha rasmi."

Nilisema, nadhani kwa sauti ndogo, kwamba nimesoma jambo hilo shuleni. Ardhi ya ubalozi inabaki kuwa ya nchi ulipojengwa. Kinachotakiwa ni idhini ya mkuu wa ubalozi tu, na idhini ni neno moja la mdomo.

"Wewe ni balozi?" Katibu aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Haya."

Dereva wa ubalozi, aliyekuwa mlangoni, alicheka. Mjomba wangu alikuwa sakafuni wakati huo, na mate yalikuwa yanamtoka.

Saa 5:05 Katibu alipanda ghorofani. Saa 5:14 alishuka akasema, "Mheshimiwa amesikitika sana. Ameelekeza mgonjwa atolewe nje, huko ndiko atakakohudumiwa vizuri." Kwa hiyo Balozi alipatikana, na neno alilisema. Halikuwa lile.

Mlinzi na dereva walimbeba, mmoja kwapani na mmoja miguuni. Yule mama mwenye mtoto alisema mtu wa kiharusi habebwi hivyo, akaambiwa arudi kwenye nafasi yake kama bado anataka huduma. Alirudi. Simlaumu, naye alikuwa na fomu mkononi.

Walipofika getini walisimama. Utaratibu wao ni kwamba mgeni hatoki na beji, wala hatoki kabla ya kuandikwa kwenye daftari. Walimlaza kizingitini, miguu nje, kichwa ndani, ili dada wa mapokezi amvue beji. Kamba ilinasa sikioni, akaivuta mpaka ikatoka.

Katibu alimwambia mlinzi, "Mwandike ametoka saa nne na nusu."

"Bosi, mbona sasa hivi ni tano na..."

"Nimesema nne na nusu. Wewe umekuwa saa?"

Mlinzi aliandika. Niliona, kwa sababu nilikuwa nimesimama kando yake nikisubiri simu yangu. Kisha akaniandika na mimi, na kwangu aliandika saa ya kweli, 5:21. Hakuna aliyemwambia aibadilishe. Daftari hilo likipatikana litaonyesha kwamba mjomba alitoka saa 4:30, na mimi niliyemsindikiza nikabaki ndani karibu saa nzima nikingoja sijui nini.

Walimweka kando ya barabara wakafunga geti. Nilipiga simu saa 5:23. Gari la wagonjwa lilifika saa 5:29. Ni dakika sita. Kabla ya hapo zilikuwa zimepita thelathini na moja. Daktari alimwambia mama kwamba dakika zile huenda ndizo zilizochukua mkono wa kulia na usemi. Mkono wa kulia ndio wa bisibisi.

Afande amenieleza kwamba ubalozi umeandika barua kusema mjomba alitoka salama saa 4:30, kisha akaangukia barabarani.

Jumamosi, tarehe 13, saa 5 asubuhi, Katibu alikuja nyumbani kwetu. Alileta hati ya safari ya mjomba. Ilikuwa na picha, jina, saini, kila kitu isipokuwa muhuri. Alileta pia karatasi iliyochapwa kwa jina langu, ikieleza kwamba tulitoka wote saa 4:30 na kwamba mjomba alianguka tulipokuwa tunavuka barabara.

"Binti akisaini, Jumatatu nagonga muhuri," alimwambia mama. "Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani." Alikunywa chai yetu, akaacha karatasi zote mbili mezani.

Mama alisema, "Saini, mwanangu. Daktari anasema baada ya wiki mbili anaweza kupanda ndege."

Nikasema si kweli alianguka nje.

"Sijasema ni kweli," mama alijibu. "Mama yangu anamngoja. Huo ukweli wako utamfikisha nani nyumbani?"

Niliziokota karatasi zote mbili mezani nikaziweka mkobani.

Jumapili jioni, hospitalini, nilimsomea mjomba karatasi zote mbili, kama ninavyomsomea fomu zake siku zote. Nilimweleza kila moja italeta nini na itazuia nini. Nilimwomba asijibu kwa ajili yangu. Muuguzi alikuja akabadilisha dripu, akaondoka. Kisha mjomba akaanza kusukuma neno, likamchukua muda mpaka jasho likamtoka. Alisema, "Ndani." Akapumzika, akalirudia. Halafu akazisukuma karatasi zote mbili kwangu kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa dirishani. Tulipofika nyumbani alisema tu kwamba leo atanisindikiza.

Nimezileta karatasi hizo. Sijasaini. Najua maana yake ni kwamba muhuri hautagongwa, na bibi huenda asimwone mwanawe. Naomba hilo liandikwe, ili mtu asije akasema nilikuwa mtoto na sikujua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Pale niliposoma, nimesema nilisoma.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA: Shahidi ameyasoma maelezo haya mwenyewe na kusahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "alianguka ubalozini", akaomba iwe "hatua nne kutoka kaunta". Karatasi mbili zimepokelewa kama vielelezo. Mama wa shahidi, aliyekuwapo kama mzazi tu, ameomba naye aandikiwe maelezo juu ya mgeni wa Jumamosi. Nimemfahamisha kwamba hilo linaweza kuifanya hati ya kaka yake isitolewe kabisa. Amejibu kwamba yeye ndiye aliyempikia chai mtu huyo, na aliyoyasema anayakumbuka yote. Maelezo yake yameanza saa 11:15 jioni.