Wifi Yangu Ameitwa Usaili, Simu Nimepokea Mimi

Mama Paulina, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa kila Jumapili hapa Kibaoni, huwa nakusikiliza redioni huku napika nikicheka matatizo ya wenzangu, na leo zamu imekuwa yangu, nisaidie kabla sijawa mtu mbaya, na kama nimeshakuwa uniambie tu nijue.

Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na kule Mbinga nilikuwa stoo kipa wa chama cha ushirika cha kahawa, funguo zote ninazo mimi, lori likija halipakii mpaka nifike, watu wananiita madam, sijisifu Mama ila nataka ujue kwamba nilikuwa mtu. Mwaka jana mume wangu Beatus, ambaye ni mwalimu, akahamishiwa Ifakara, na Ifakara ndiko kwao, kwa hiyo yeye alirudi nyumbani na mimi nikaja ugenini, akaniambia mke wangu usiogope, mji unakua, kampuni zimejaa, hutakaa sana kabla ya kupata kazi. Nikaacha kazi nikamfuata, na tunakaa hapa Kibaoni kwenye nyumba ya wazazi wake.

Tangu hapo nimeomba kila mahali, hospitali, halmashauri, wanaopanda mitiki, wanaonunua kokoa, mpaka maduka ya pembejeo, na kila ninapofika naulizwa kwanza wewe ni wa nani, nikisema ni mkwe wa marehemu Mzee Apolinari wanasema aa, mkwe, halafu wanasema tutakupigia. Simu naenda nayo mpaka chooni Mama. Ikilia ni dada yangu wa Mbinga anauliza umepata, nikimwambia bado anasema Mungu yupo, na mimi najua yupo, ila sijui kama anajua nimehama.

Sasa nije kwenye kinachonichoma. Nina wifi yangu, anaitwa Scolastica, mdogo wa mwisho wa mume wangu, na nikuambie ukweli hajawahi kunikosea hata siku moja, na hilo nalo linaniudhi. Ana cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, basi. Lakini akipita sokoni kila mtu anamwita, Scola njoo, Scola onja, anarudi na samaki wa kupewa. Akipika wali unachambuka, mimi kwa mchele uleule na sufuria ileile unashikana, na mama mkwe anasema mwacheni, kwao wamezoea ugali. Pasaka nilishona kitenge kipya, nikatoka nacho nje, mama mkwe akakishikashika akasema, "Kizuri sana hiki, kingempendeza Scola." Mama Paulina, nilikivua nikakikunja mpaka leo sijakivaa. Hata mume wangu, akitoka kazini neno la kwanza ni Scola yuko wapi, ana habari za mji mzima, na mimi nakaa pembeni nachambua mchicha nasikiliza wanavyocheka kwa Kindamba, sielewi, nahisi nachekwa mimi.

Kabla ya msimu huu wa kuamia ndege wasile mpunga ilitangazwa kazi kwenye kampuni moja ya kukoboa na kufungasha mchele, wanataka stoo kipa na msaidizi wake. Nikasema hii ni yangu, imeandikwa jina langu. Scola naye akaja na kikaratasi chake, "Wifi nisaidie, mimi haya mambo ya CV siyajui." Nikamwandikia yote, barua na CV, kwa roho nyeupe kabisa, na kwa nini ilikuwa nyeupe nikuambie, ni kwa sababu nilijua hapati. Wadhamini wake akaweka mtendaji wa kata na katekista. Mimi yangu sikugusa kitu, wadhamini wote wa Mbinga, hata anwani niliacha ya Mbinga kwa sababu ndiko nilikofanya kazi, na pia sijui hapa tutakaa mpaka lini, masanduku yangu ya vyombo mpaka leo sijayafungua. Na kwa kuwa Scola alikuwa anakwenda na mama yake shambani ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, na kule kwenye dungu lao, kibanda cha kulindia mpunga, hakuna mtandao, akasema, "Wifi, weka namba yako, wakipiga utaniambia." Nikaweka.

Jumatano wakapiga. Namba ngeni, nikafuta mikono kwenye kanga nikapokea kwa sauti ya ofisini.

"Naongea na Scolastica Apolinari?"

"Hapana, ni wifi yake."

"Mwambie Jumatatu saa mbili asubuhi aje kwenye usaili, aje na vyeti halisi."

Nikamwambia sawa. Halafu Mama, nikajishusha, nikamuuliza yule dada, samahani, hakuna jina lingine kutoka nyumba hii, nikamtajia langu. Nikasikia anafunua makaratasi. Akasema, "Hapana, tuliowaita ni hawa tu." Akakata. Nilikaa chini hapohapo jikoni, maharage yakaungua, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, nikasema kumbe hata CV niliyoiandika kwa mkono wangu inamkubali yeye inanikataa mimi.

Alhamisi akapita Hermenegildi, yule muuza samaki wa baiskeli ambaye ndiye anatupelekea vitu shambani. Nikampa chumvi na sabuni. Akaniuliza kama kawaida yake, "Shemeji, kuna ujumbe wowote wa kule?" Nikasema, "Hamna, wasalimie tu." Akapanda baiskeli akaondoka, na mimi nikabaki mlangoni namwangalia mpaka akakata kona, ningeweza kumwita, sikumwita.

Beatus hajui. Mimi silali vizuri, sili vizuri, na wazo linalonijia ndilo baya zaidi, kwamba Jumatatu niende mimi, niseme Scolastica amepata dharura, nimekuja badala yake na nina stashahada, wakiniona watanipenda. Mama Paulina, je, ni dhambi? Mimi ndiye mwenye elimu, mimi ndiye niliyeacha kazi, yeye ana mama yake, ana kwao, ana shamba, ana mji mzima, akikosa hii hatapungukiwa, mimi nikikosa sijui nitabaki na nini. Naomba nijibu haraka, na jina la wifi tafadhali usilisome.

Ni mimi, Mgeni wa Kibaoni.

JIBU LA MAMA PAULINA

Marahaba, mwanangu. Nimecheka pale kwenye kitenge, nikaacha kucheka pale kwa Hermenegildi.

Barua zangu nazijibu hewani Jumapili, lakini yako nakujibu leo Ijumaa kwa maandishi, kwenye simu hiyohiyo unayokwenda nayo chooni, kwa sababu Jumapili utakuwa umeshajiharibia. Na nianze na ulichoomba. Ndiyo, ni dhambi. Tena ni dhambi ya kijinga, maana ukienda Jumatatu kwa jina la mwenzako, Jumanne mji mzima unajua, na huo mji umesema mwenyewe ni wa Scola.

Pole, hata hivyo. Nasema pole ya kweli. Kuacha funguo zako na kwenda kuulizwa wewe ni wa nani, huku aliyekuleta anacheka barazani kwao, ni kazi ngumu na hakuna anayekupa pole. Mumeo alikuahidi kazi kana kwamba Ifakara ni yake. Mwambie jinsi unavyoumia, kwa maneno, acha kununa na mchicha. Mwambie pia wakiongea Kindamba mbele yako wakutafsirie. Nusu ya unayodhani wanakucheka wewe watakuwa wanamcheka mbuzi wa jirani.

Lakini wivu wako umekudanganya mahali, nisikilize. Unasema CV uliyoiandika wewe ilimkubali yeye ikakukataa wewe. Ya kwake uliandika anapoishi na nani anamjua. Ya kwako uliandika mtu wa Mbinga mwenye anwani ya Mbinga na wadhamini wa Mbinga. Mimi ningekuwa yule dada wa kampuni ningesema huyu yuko mbali, atataka nauli, atataka nyumba, weka pembeni. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, sijui. Nawe hujui, kwa sababu ulimuuliza kama umeitwa, hukumuuliza kwa nini hukuitwa. Mwanangu, umehama miguu tu. Vyombo vyako viko kwenye masanduku, anwani yako iko milimani, halafu unashangaa bonde halikujui.

Sasa kuhusu Scola. Uliposema nisilisome jina lake, ulikuwa umeshanitajia jina, la baba yake, upande wa mto waliko, na siku ya usaili. Uliyamwaga yote hayo kwa mtu mwenye maikrofoni. Anayetaka kuficha jambo haandiki hivyo. Wewe ulitaka kushikwa mkono, na mimi nimekushika.

Leo saa saba mchana, kwenye matangazo ya waliopo mashambani, limesomwa hili, na jioni litasomwa tena: "Scolastica Apolinari, aliyepo shambani upande wa Lupiro, anaombwa na wifi yake afike nyumbani Kibaoni kesho Jumamosi bila kukosa. Si msiba, ni jambo la heri." Hilo la si msiba nimelisisitiza, unajua watu wa madunguni wakiitwa redioni bila maelezo wanafika mjini wakiwa wameshaanza kulia. Mtandao haufiki kule, lakini redio inaning'inia kwenye nguzo ya kila dungu, hata ndege wa huko wananijua. Atakuwa amesikia, au jirani amemwambia.

Ona kwamba tangazo halisemi heri gani. Hilo nimeliacha makusudi. Habari ya kazi ni yako, umeibeba tangu Jumatano, utaitua wewe.

Kwa hiyo leo mwambie mumeo kabla hajaulizwa mtaani kuna nini nyumbani. Kesho Scola akifika, ametoka kwenye matope, kachoka, ana wasiwasi, mpe maji aoge, mpe chakula, hata wali ulioshikana ataula. Halafu mwambie ameitwa usaili. Usimalizie hapo. Mwambie na la Hermenegildi: kwamba simu ilikuja Jumatano na wewe ukamwambia yule baba hamna. Mwambie mwenyewe, maana Hermenegildi atamwambia bila ubaya wowote, wakikutana tu pale sokoni. Huenda atakasirika. Ana haki. Huenda utalia. Lia, lakini usianze kujieleza kwamba una stashahada.

Jumapili mkitoka kanisani mkae wawili. Kazi ya stoo unaijua, yeye haijui. Mwonyeshe mzigo unapokelewaje, mchele ukipungua uzito kwenye ghala nani anaulizwa, mdudu akiingia unaanzia wapi. Itakuuma kumfundisha. Fundisha hivyohivyo ukiumwa. Jumatatu akienda, msindikize mpaka getini, umevaa kile kitenge. Ni chako, kilishonwa kwa mwili wako, na mama mkwe akirudi kutoka shambani akasema lake, mjibu kwa tabasamu kwamba Scola ana zake.

Jumanne, siyo Jumatatu, rudi pale getini kwa jina lako. Sema niliomba, sikuitwa, naomba kujua kwa nini, na ninaishi hapa Kibaoni. Walitaka watu wawili, wewe mwenyewe umesema. Wanaweza kukwambia nafasi zimejaa. Basi uondoke na sababu mkononi uitumie kwingine. Nenda kwa mtendaji, nenda kwa katekista, wakujue, ili siku ukiulizwa wewe ni wa nani kuwe na watu wa hapa wa kukujibia. Jiunge na jumuiya ya kanisani, ukaimbe vibaya pamoja na wenzako. Na kabla ya yote hayo, leo hii kabla hujalala, fungua sanduku moja la vyombo. Matumaini ya mtu aliyehama huanzia kabatini. Huwezi kungoja simu ya Ifakara huku sahani zako zinangoja lori la kurudi.

Unauliza ukiikosa kazi hii utabaki na nini. Ukinyamaza mpaka Jumatatu, hutabaki na wifi, na ndiye mtu pekee katika barua yako yote aliyekuja kwako akisema nisaidie. Wengine wote walisema watakupigia.

Kesho atabisha hodi. Mfungulie wewe.

Wasikilizaji, barua hii na jibu lake sikuvisoma Jumapili ile, nanyi sasa mnaelewa kwa nini. Mgeni wa Kibaoni ameniruhusu nivisome leo. Ruhusa ya kulitaja jina la Scolastica ameitoa Scolastica mwenyewe, baada ya kusomewa kila neno. Alinipigia kwa simu ya wifi yake.