Kwa Dada Niliyemfunika kwa Besi

Dada yangu mpendwa Bosibori,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye, Kisii na Nyamira nzima, hakuna bibi harusi angetoka kwao akiwa na raha. Usicheke, wewe unajua. Nilipogonga ule uzi mnene wa gitaa la besi pale Marani, mabati ya soko yalikuwa yanajibu, na akina mama wa ndizi wakakumbatia mikungu yao wakidhani ardhi inapasuka. Kule Nyansiongo kulikuwa na ng'ombe wa mzee fulani aliyekataa kushusha maziwa. Nilipiga wimbo mmoja, hata sikuumaliza, ndoo ikajaa bila mkono wa mtu. Watoto wako nimewaeleza haya yote. Yule binti yako mdogo Kwamboka akaniuliza, "Anko, na hiyo ndoo nani alikuwa ameiweka hapo chini?"

Huyo ni wewe mtupu. Mdomo wako umebaki hapa duniani. Kilichokosekana ni sauti, na ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye kalamu na mimi tuliachana mapema.

Unajua ulipotuacha Kwamboka alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka. Sasa yuko sekondari, ana miguu mirefu kama ya baba yake. Siku moja alikuja akanikuta nikipangusa gitaa, akakaa kwenye kile kigoda chako. Akasema anakumbuka mikono yako, anakumbuka jinsi ulivyomsugua masikio kwa kona ya leso. "Lakini sauti imenitoka, anko. Natafuta siioni. Mama alikuwa anaimba namna gani?"



Niliwaza kile kisanduku. Unakumbuka siku ulipokileta? Uliuziwa na yule mpiga gitaa wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa akipiga hotelini Kisii mjini kabla ya kurudi kwao. Ulikiweka mezani kando ya sufuria ya chai, ukasema ni kompresa.

"Ya kujaza matairi upepo?" nikakuuliza.

"Hii ni ya kupunguza upepo," ukasema. "Wako."

Nilikasirika, nakubali. Nikakwambia baba alipiga obokano yake, kile kinubi chetu cha Kisii, maisha yake yote, harusi na matanga, na hakuna siku aliichomeka waya kwenye sanduku. Ukanijibu bila kuinua macho kutoka kwa kikombe, "Baba alikuwa na masikio."

Kisha ukanifundisha. Ukaniambia shida yangu ni kwamba noti moja inapiga watu kifuani na inayofuata hakuna anayeisikia, kama mtu anayetembea akiingia mashimo. Kidude cha kwanza, ulisema, kinachagua ni kishindo kipi kiguswe na kipi kiachwe kipite. Cha pili kinasema kikandamizwe kiasi gani. Cha tatu ni haraka ya kukishika. Cha mwisho kinainua yote pamoja baada ya kusawazishwa, ndiyo zile noti za upole nazo zisikike mpaka kwa wale wanaoosha vyombo nyuma ya nyumba.

Mimi sipendi kitu nusunusu, nikavizungusha vyote mpaka mwisho. Gitaa likafa. Kila noti ikawa kimo kimoja kama watoto kwenye gwaride, na nikinyamaza, ule mngurumo wa amplifaya unapanda kama mlevi anayekoroma.

"Umelikaba shingo," ulisema. "Lilegeze lipumue."

Cha tatu ndicho kilichonisumbua, kile cha haraka. Sikuelewa kwa nini kisanduku kisishike noti palepale inapotoka. Ulijua shule sina lakini ng'ombe ninao, ukaniambia nifikirie ndama asubuhi. Ukimvuta kabla hajaonja, mama yake hashushi maziwa. Ukichelewa kumvuta, amemaliza yote na wewe umebaki na ndoo. "Kiache kidole chako kiseme du, watu wakisikie kimegusa uzi. Halafu ndipo kamba ivutwe." Nilipiga, ukasogeza kidude kidogo tu, nikapiga tena. Bosibori, siku hiyo besi ilitembea kama mzee mwenye mashamba. Ukaanza kuimba juu yake ukiwa umesimama mlangoni na beseni la viazi, na sikutaka wimbo uishe.

Niliwaambia watu ile sauti nimeivumbua mwenyewe. Hukunipinga.

Kisha ikaja harusi ya Nyansiongo. Kifua chako kilikuwa kimeanza kusumbua na sauti imekuwa nyembamba, ingawa ulikuwa unatuambia ni vumbi la jikoni. Nilikuwa ndani ya suti ya kijivu, ile ambayo watu waliapa imeshonwa Nairobi. Tukiwa bado tunafunga nyaya, ulinisogelea.

"Ogoti, ndugu yangu, leo hiyo kitu usiizime. Sauti yangu haina miguu. Nishikie chini, nitembee juu yako."

"Nitakubeba kama yai," nikasema.

Na nilikubeba, nyimbo mbili za kwanza. Baadaye yule emsii mwenye kofia akakamata maikrofoni: "Na kule kwa besi, wazazi shikeni viti, tetemeko la Gusii!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kuna mzee alisimama akanibandika noti ya pesa kwenye paji la uso. Sasa ungekuwa mimi ungefanya nini? Nikakanyaga swichi. Taa nyekundu ya kisanduku ikazimika mbele ya macho yako, na nikaachilia mkono wote. Uligeuka ukaniangalia. Ukaendelea kuimba.

Tukiwa tunakusanya vitu uliniuliza tu, "Umefurahi?" Ukacheka, kicheko kikaishia kwa kikohozi. Kabla mahindi ya Nyansiongo hayajavunwa, tulikuwa tumekuzika.

Wimbo huo, Bosibori, ndio pekee tulio nao wenye sauti yako. Kanisani uliimba ndani ya kwaya, sauti yako iko katikati ya sauti za watu na hata mimi siwezi kuichomoa. Simu ya mume wako yenye picha zako ilianguka mtoni Gucha. Imebaki hii video ambayo jirani mmoja alipiga pale harusini, wewe ukiwa mbele peke yako na gauni la kijani. Nilipomwonyesha Kwamboka, alileta sikio karibu na simu, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Anko, hapa kuna wewe tu."

Nikamwambia simu ni mbovu. Nikaipeleka Kisii mjini kwa kijana mmoja mwenye studio, ana vile visikilizio vikubwa kama vikombe vya uji. Alisikiliza muda mrefu. Mwishowe akavivua.

"Mzee, nani huyu anapiga besi?"

Ningekuwa mtu mwingine ningejibu taratibu. Nilisema, "Ni mimi. Ulishawahi kuisikia besi kama hiyo?"

"Hapana," akasema. "Sikiliza nikuambie. Simu ina kompresa yake ndani. Haijui mama anaimba, inajua tu kuna kishindo. Kishindo kikija inakandamiza kila kitu, na yeye anashuka nacho. Ukiacha, anaanza kupanda. Kabla hajafika, unapiga tena. Kila ukipiga, mzee, unamsukuma chini."

"Sasa mtoe huko chini."

"Nitajaribu."

Alijaribu kwa kompyuta. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anayeita akiwa ndani ya pipa, na hakikuwa wewe. Nilimwambia azime.

Hapo ndipo nilipoielewa kompresa, dada. Ulinifundisha kwa chai, viazi na ndama, na sikuelewa mpaka nilipokusikia unazama kila kidole changu kinaposhuka. Mimi hupenda kusema nguvu zangu ziliangusha sahani ukutani. Hizo sahani sina hakika nazo. Wewe nina hakika.

Harusi siku hizi siendi, nawaambia watu mgongo unauma. Jumapili jioni ninachomeka gitaa nyumbani, sauti chini kabisa, taa nyekundu ikiwaka, vile vidude viko palepale ulipoviacha. Jumamosi sipigi kwa sababu majirani wako kwenye sabato yao na mimi sina ubaya na mtu. Ninapiga ule wimbo wa harusi. Noti zote zinatoka sawa, Bosibori, hakuna hata moja inayoingia shimoni, ungeshangaa. Ninashika chini kama ulivyoniomba. Juu hakuna anayetembea. Nafika mwisho, naanza tena, mke wangu ananiita chakula kinapoa, na mimi nimekaa pale nimembebea mtu ambaye haji. Kuna siku niliufunga mkono wangu wa kulia kwa kitambaa nikasema sitaugusa uzi tena. Ikafika Jumapili, nikafungua.

Lakini katika ile video kuna mahali. Unajua pale unapomwimbia bibi harusi anapotoka kwao, "geuka kidogo tukuone"? Pale besi imenyamaza. Kwa hayo maneno tu, simu inaachilia, na unapanda mpaka juu, uko wazi kama uko chumbani. Kisha besi inarudi na unaenda.

Kwamboka ndiye aliyepagundua. Sasa hasikilizi kwingine. Anarudisha hapo, geuka kidogo tukuone, anarudisha. Akaniuliza, "Anko, hapa ulinyamaza makusudi?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia mpiga besi mkubwa anajua kunyamaza kuliko kupiga, na kwamba nilisikia rohoni siku moja yeye mtoto atamtafuta mama yake, nikamwekea nafasi. Alinikumbatia, Bosibori. Ameenda kuwaambia wenzake shuleni. Shemeji mwenyewe aliniita akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema asante.

Kwamboka, kama hii barua imekufikia, ishia hapa. Yaliyobaki ni ya mimi na mama yako.

Ile suti ya kijivu ilikuwa ya mume wako. Wewe ndiye uliyenitolea kabatini, na unajua upana wa mtu yule. Katikati ya wimbo pini ya mshipi ilikatika, nikasikia suruali inateremka mbele ya wakwe na padri. Niliacha uzi nikaishika. Ni hilo tu. Uliona. Ndiyo maana kwenye "tukuone" sauti yako inatetemeka kidogo, unajizuia kucheka, na Kwamboka kila akifika hapo hutabasamu na kuniuliza mama alikuwa na furaha gani siku hiyo.

Pumzika, dada. Amplifaya nimeizima.

Ni mimi, mjomba wa watoto wako,
Ogoti