Kivuli Kwenye Shuka

Dada yangu,

Gauni la kijani la kupigia picha limekwisha kushonwa. Fundi alilipima mwilini mwangu, akasema tumefanana kama shilingi kwa ya pili, ila wewe ndiye mwenye shingo. Dirishani nitatundika shuka jeupe lilainishe jua la jioni, na taa yangu ya pekee itakaa nyuma yako.

Mwalimu wetu wa upigaji picha alitaka kila mwanafunzi abandike mpango wa picha zake ubaoni, nami nikabandika: mahali, siku ya Jumamosi, saa, na picha yako.

Jana nilipiga picha za kujaribu mwanga, kabla ya kutundika shuka. Nilipozikuza, nikaona mtu ng'ambo ya barabara anaangalia dirisha langu. Ni mumeo uliyemkimbia. Kumbe ametufuata hadi huku, na bila shaka ameusoma ule ubao.

Jumamosi usije. Giza likianza kuingia, panda basi uende kwa shangazi. Mimi nitavaa gauni, nisimame kati ya taa na shuka, akiona kivuli adhani ni wewe. Nitainua shingo kama unavyoinua wewe. Akiendelea kutazama, utakuwa umeshafika mbali.

Niombee asipande ngazi.

Mdogo wako