Samaki Hii, Samaki Huyu

Mjukuu wangu Desderi,

Marahaba. Barua yako imefika. Bibi yako amemaliza kupura ulezi. Goti bado linamsumbua, lakini sisi wengine tu wazima.

Unauliza kama hao samaki wako wa mito ya milimani, wanaojibandika kwenye kioo cha tangi, ni wa aina moja au mbili. Chuchumaa, uwatazame tumboni kupitia kioo.

Hilo alilijua mama yangu, aliyetega migono ya samaki katika vijito vya Ufipa tangu usichana wake. Enzi ya Mwingereza nilikuwa karani wa Bwana Samaki, afisa wa uvuvi hapa Sumbawanga, Mzungu aliyefuga samaki wa vijito hivyo katika tangi la kioo. Siku moja mama aliniletea chakula ofisini. Akachuchumaa kando ya tangi, akasema, "Bwana, hii samaki si moja. Ile..."

Nilimkatiza. "Mama, samaki ni kiumbe hai. Sema 'samaki huyu'."

Makarani wenzangu walicheka. Mama akainuka, akaniambia kwa Kifipa, "Basi mwambie wewe."

Mzungu aliniuliza mama alitaka kusema nini. Sikujua. Nikaandika kwenye kibandiko cha tangi: aina moja.

Wiki kadhaa baadaye nilichuchumaa mwenyewe. Mmoja alinyonya kioo kwa mdomo. Mwenzake alijishikilia kwa mapezi ya tumboni.

Tangu siku nilipomkatiza, mama hakuzungumza tena Kiswahili mbele yangu. Nilipokwenda kumwambia kwamba alikuwa sahihi, aliniuliza, kwa Kifipa, kama Mzungu nimemweleza kwa Kiswahili sanifu.

Sikuwa nimemweleza.

Babu yako