Waifai ya Chumbani kwa Bibi

Jawaher,

Ukirudi skuli, kabla hujala, kirudishe kile kisanduku cha waifai chumbani kwa Bibi. Kisha zima waifai kwenye simu yake uiwashe tena, ishike cha karibu. Usipofanya hivyo itang'ang'ania kile kikubwa cha sebuleni, ambacho hakifiki vizuri chumbani kwake.

Asubuhi ami yako Zahran alipiga kutoka hospitali, Maskati. Picha ikaganda. "Mama, nipe radhi zako. Unanisikia?" Bibi akamjibu, "Nakusikia, mwanangu, radhi zangu unazo." Ami yako hakumsikia. Akauliza tena na tena mpaka simu ikakatika. Baadaye mkewe, Radhiya, akanipigia huku analia. Ami yako hatunaye tena.

~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu, mwanangu. Ulikihamishia chumbani kwako kwa ajili ya tamthilia zako.

Nimekwenda Mtambile kumchukua Bi Saada, nduguye Bibi, aje amwambie yeye. Kabla ya maziko Radhiya atapiga, Bibi amuone mwanawe uso. Uji uko jikoni, mpe.

Bibi bado hajui. Ameikumbatia simu, anasema Zahran atapiga tena. Muombe hiyo simu taratibu, na usilie mbele yake mpaka tufike.

Mama