Oili Iliyopotea Kwenye Baridi ya Munanila

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia huko Kalemie nikiwa hapa nyumbani Rusimbi. Shule nimemaliza, lakini kuongea bado kunanishinda, kwa hiyo naandika.

Unakumbuka likizo za mwezi wa saba ulivyonichukua kwenye Haisi yetu, gari likalala Munanila kusubiri akina mama wa maharage? Asubuhi uliinua kiti cha mbele ukanionyesha injini chini yake. Ulisema gari zee kwenye baridi linataka oili nyepesi kidogo, na mguu usikandamize mafuta mpaka injini ipate joto, maana sili, zile pete za mpira zinazozuia oili, zimekakamaa na oili imekuwa nzito. Ukiilazimisha, itatafuta pa kutokea. "Hata wewe ukiamshwa kwa kelele unanuna," ukaniambia.

Mwaka huu oili ikaanza kupotea. Safari mbili mfululizo kijiti cha kupimia kilitoka karibu kikavu, na Mama akakuuliza uani, majirani wakisikia, "Oili yangu unamuuzia nani?" Wiki ile ile ukavuka ziwa.

Na mimi nilikushuku, Mjomba. Nilikwenda kunusa madumu yako nyuma ya choo. Yalikuwa ya maji.

Ulipoondoka, oili ilizidi kupotea. Ndipo shaka yangu ikamgeukia Issa, dereva aliyeshika nafasi yako. Alinunua kule sokoni Mwanga oili nzito kuliko zote, eti nzito haipenyi. Kule Munanila akawasha na kupiga resi injini ikiwa ya baridi kabisa. Akirudi anamwambia Mama, "Mama Zai, injini imekufa hii. Nina mtu atalichukua gari kama lilivyo." Mama alianza kukubali. Mimi nikawa natandika boksi chini ya gari kila jioni, nasoma matone, namtazama Issa. Nilipomwomba ainue kiti tuangalie, akacheka: "We wa fomu foo, nikupe na leseni?"

Ijumaa moja nikapanda naye, tukalala Munanila. Asubuhi, akinywa chai, nikainua kiti mwenyewe. Ule mpira wa kupumulia, uliosema usizibwe hata kwa kidole kwa sababu injini ikikosa pa kutolea pumzi itasukuma oili nje kwenye sili, ulikuwa umezibwa kwa tambara na kukazwa kwa ukanda wa tyubu. Nikajua nimemkamata.

"Kaka Issa, hii nini?"

Akachungulia. "Nimeikuta. Nikajua mjomba wako ndiye kafunga."

Sikumwamini hata kidogo. Nikalikunjua lile tambara. Ndani, ambako weusi haukufika, kulikuwa na maua ya njano. Lilikuwa gauni la Mama la zamani.

Nyumbani nilimkuta anachambua dagaa. Nikaliweka mbele yake. Akaligeuza upande wa maua.

"Nilifunga mimi," akasema. "Siku mjomba wako anaosha gari niliuona mpira unadondosha oili. Nikamzibia kaka yangu, nimsaidie."

Fundi amebadilisha sili ya nyuma, tumerudisha oili nyepesi, na Issa sasa anasubiri injini ipate joto. Gari limelala Munanila mara tatu na boksi halina tone. Hata hivyo kila asubuhi nainua kiti. Nikimwona Mama na kitambaa mkononi, namfuata kwa macho. Sipendi nilivyokuwa.

Unamjua dada yako, samahani haimtoki. Amesema nikuandikie tu kwamba gari haliuzwi. Majirani nao hawajaambiwa kitu, bado wanasema oili uliiba wewe. Kwa hiyo jana nilikwenda kwa mama wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa anacheka siku ile Mama alipokuuliza uani. Nikamwambia hukuiba.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Sijatumwa."

"Sema kwa sauti, sikusikii."

Nikasema kwa sauti. Leo nakwenda nyumba ya tatu.

Usalimike huko ng'ambo, Mjomba, na ukiweza, nisamehe na mimi.

Mpwa wako,
Zai