Pilau Niliyompelekea Meneja

Jumatatu, 6 Oktoba
Chai. Dawa ya presha. Zuhura bado kalala. Tangu binti yangu aache kazi ghalani, kule karibu na uwanja wa ndege, usiku hapati usingizi, mchana hatoki kitandani. Namuuliza kisa, anajifunika shuka. Mimi niliyepatanisha nusu ya ndoa za Tanga, nishindwe na mwanangu? Thubutu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepika pilau. Mtaa wetu huu wa Rexdale mzima hakuna mwanamume wa kunifikia. Nikatia kwenye hotpoti ya marehemu mke wangu, nikapanda basi la barabara ya Kipling hadi ghalani. Kwetu mtoto akikosana na mkubwa wake, mzazi ndiye huenda kumwombea radhi. Meneja wake kanipokea vizuri. Kala, kasifu, kanishika bega. Hotpoti nimemwachia. Kazi atarudishiwa, nawajua watu mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia Zuhura. Kakimbilia chooni, katapika.
"Baba, umemlisha yule? Kwa mkono wako?"
Kisha kasema kuna karatasi kasaini. Haruhusiwi kusema kilichotokea, hata kwangu. Akisema watamshtaki. Kafunga mlango. Nimekasirika. Baba mzima nafichwa!

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimemuuliza Mama Saida wa msikitini habari ya karatasi, kanicheka kwanza. "Mzee mjuzi wa yote, hili hulijui?" Halafu hakucheka tena. Kumbe mwanamke akiingiliwa na bosi wake, wapo wanaomsainisha anyamaze. Na kuna watu wanadai sheria hapa Ontario ya kuzuia karatasi hizo.
Nikakaa kituoni. Mabasi yakapita.
Alinishika bega. Huyo.

Jumapili, 12 Oktoba
Fimbo iko mlangoni. Nimeishika, nimeirudisha. Tena. Nikienda kumpigia kelele, atakayeshtakiwa ni Zuhura. Kula siwezi. Kukaa siwezi. Namchukia yule mtu. Najichukia na pilau yangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Mkutano wa hiyo sheria, na Mama Saida. Mimi sijasaini popote. Wakanipa maiki, mimi wa kushika maiki mpaka harusi inachelewa. Jina la yule lilikuwa ulimini. Nikasema, "Ipitishwe." Nikakaa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Zuhura kaamka, kapika wali. Hotpoti haipo, tukala kwenye sufuria. Sikuuliza kitu. Nikamwambia sheria bado, ije isije, mimi nipo.
Kabandua ukoko, kanisogezea upande wangu.